Maneno Tisa ya Mwisho wa Kamusi

Siku mliyoniaga pale maktaba mlinipa blanketi, saa ya ukutani na daftari tupu, mkaniomba niandike mambo ya kazi ili nyinyi mnaobaki kaunta muwe mnasoma saa ya chai. Blanketi ni zuri. Saa inakimbia dakika saba kila siku, lakini aliyestaafu hana haja ya kulalamikia dakika saba. Daftari ndilo limenisumbua. Nimelifungua na kulifunga karibu mwezi mzima, kwa sababu jambo la kweli ninaloweza kuwaandikia si la kujivunia.

Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mtawauliza wengine, wapo wanaozihifadhi vizuri kuliko mimi. Mimi nitawaambia nilivyomfanyia mtu anayeitwa Nekesa. Mlipokuwa mkinisifu kwa hotuba ndefu nilikuwa nimeinamisha kichwa, mkadhani ni machozi ya kuagana. Ilikuwa ni aibu.

Nianze mwanzo. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakapata shamba upande wa Endebess, na kwetu kazi ilikuwa mahindi na ng'ombe. Kazi ya kukaa kwenye kiti baba aliiona kama ugonjwa. Nilipoajiriwa maktaba ya Kitale, aliniuliza kama kweli kuna mtu analipwa kulinda vitabu visivyoweza kutoroka. Siku yangu ya kwanza nilivaa sketi mpya, nikapelekwa stoo kupanguza vumbi mpaka saa kumi. Sketi haikupona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ndiema, Msabaoti mrefu mkimya aliyekuwa na wino vidoleni kila siku, hata Jumatatu asubuhi. Alinionyesha jinsi ya kugonga muhuri wa tarehe kwa mkono mlegevu ili wino usitambae. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa ngano na kuitia dawa ya mende, maana mende wa Kitale wanapenda migongo ya vitabu kuliko wanafunzi. Na alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao hakukubali uvunjwe. Msomaji akikuuliza kitu usichokijua, uinuke. Usimjibu ukiwa umekaa. Toka nyuma ya kaunta, mtembee pamoja hadi kwenye rafu, mtafute wote wawili. Nilimwona akifanya hivyo hata na mtoto wa darasa la pili aliyetaka kujua samaki hulala saa ngapi. Miaka aliyokuwapo nami nilikuwa nikiinuka. Alipostaafu nikapewa kiti chake, kile chenye magurudumu, nikaanza kukipenda kiti.

Sasa niwaambie kuhusu ile kamusi kubwa ya Kiingereza iliyokuwa kwenye meza ya dirishani. Nyinyi mmekuta mpya. Ile ya zamani ilikuwa nzima mpaka katikati ya herufi W, halafu basi, jalada. Wavuta tumbaku walikuwa wamezichana kurasa za nyuma, ile karatasi laini ikisokota vizuri. Niliandika barua tatu kuomba nyingine. Barua ya tatu ilijibiwa kwa fomu ya kuombea, na fomu yenyewe ilitaka nieleze kamusi ni ya nini.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alipita mgeni mmoja wa kujitolea, akatuachia mbao mbili za mchezo wa herufi, ule wa kupanga vibao vidogo kuunda maneno ya Kiingereza na kuhesabu alama. Pamoja na mbao aliacha karatasi moja ya maneno mafupi, ya herufi mbili na tatu, ambayo alisema ndiyo siri ya kushinda. Ilikuwa orodha tupu, haina maana hata ya neno moja. Nikaanzisha klabu ya Jumamosi mchana. Wakaja wauza duka, makarani, waliomaliza Fomu Foo ya sekondari wakingoja maisha yawaite, na askari jela mmoja aliyecheza kama anatunga hukumu.

Maneno yale yalikuwa ya ajabu, na hapo ndipo raha ilipokuwa. Nilikaa na kamusi wiki nzima nikitafuta. Ai, kumbe ni mnyama mvivu anayening'inia kwenye miti huko Amerika ya Kusini. Aa ni mawe makavu ya volkeno. Oe ni upepo wa kuzunguka wa visiwa fulani vya baridi. Jo ni mpenzi, kwa Waskoti. Suq ni soko tu, na qat ni miraa. Siku niliyowaambia kwamba qat ni miraa, klabu nzima ilicheka, askari jela akaomba neno hilo liandikwe la kwanza. Nilikata stensili kwa mkono wangu, neno na maana yake, nikazungusha mashine ya kunakilia mpaka bega likauma. Lakini maneno ya X, Y na Z nilipoyafikia, kamusi ilikuwa imekwisha. Yalikuwa tisa. Nikayaandika bila maana, nikaacha nafasi wazi.

Nekesa ndiye aliyeiona nafasi hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu hivi, aliyeacha shule Fomu Tuu, akiishi mtaa wa mabanda wa Kipsongo na kufulia watu nguo huko Milimani, mtaa wa wenye nacho. Alikuja maktaba mara ya kwanza akiwa na beseni kichwani, akaliweka mlangoni kwa adabu, akauliza kama kusoma humu ni kwa walioajiriwa peke yao. Ile fomu ya uanachama ilitaka sahihi ya mwajiri au mwalimu mkuu, na mtu wa Kipsongo angempata wapi? Nikamdhamini mimi mwenyewe. Siku hiyo nilijipenda sana. Nimesimulia kisa hicho mara nyingi kuliko ilivyofaa, na baadhi yenu mmekisikia. Mwendelezo wake sikuusimulia.

Alikuwa na kichwa, huyo msichana. Wengine walikariri maneno kama namba za gari. Yeye hakuweza kuweka neno kwenye ubao kabla hajajua ni kitu gani. Jumamosi moja, wote wakiwa wamekaa, aliinua karatasi akaniuliza xu maana yake nini. Nilikuwa kwenye kiti changu. Watu saba walikuwa wakinitazama. Ningesema kamusi imechanwa, na hakuna ambaye angeshangaa, maana wote walikuwa wameiona. Lakini nilishazoea kuitwa Madam anayejua kila kitu, na jibu likatoka lenyewe: ni mti, nikasema, mti fulani wa Asia. Akaandika. Akauliza yex. Nikasema ni kamba ya kufungia mizigo. Zek nikasema ni baridi ya alfajiri. Zho nikasema ni kofia ya wazee wa Uchina. Yote tisa nikayapa maana siku hiyo hiyo, bila kuinuka, na naona haya kusema kwamba nilifurahia. Stensili iliyofuata ilitoka ikiwa imejaa, haina nafasi wazi, kwa mwandiko wangu.

Nekesa aliendelea kushinda. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyemweza pale klabuni, na alikuwa akinisaidia kurudisha vitabu kwenye rafu bila kuombwa, kila kimoja mahali pake. Nilianza kumtafutia kazi. Huko Bungoma kulikuwa na Mwalimu Simiyu, mkuu wa shule moja ya binafsi ya sekondari, mtu mpenda maneno kupindukia, naye alikuwa na klabu yake ya mchezo huo. Alikuwa amejenga chumba cha vitabu na hakuwa na wa kukitunza. Nilimwambia kwa simu ninaye mtu. Hana vyeti, nikasema, lakini ni bora kuliko wenye vyeti. Akanijibu vyeti havimsumbui. Nilete timu yangu Jumamosi tucheze, amwone, wale chakula pamoja, na akiridhika aanze Jumatatu.

Nilimweleza Nekesa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama hicho chumba kina dirisha, nikamwambia sijui, akasema hata kama hakina. Mtu aliyefua nguo za wengine tangu utotoni alikuwa karibu kupata meza, na ni mimi niliyekuwa nimeufungua mlango.

Tulikwenda wanne pamoja nami: Nekesa, karani mmoja wa klabu yetu, na yule askari jela. Bungoma walikuwa na sheria yao, ambayo Mwalimu Simiyu aliitunga mwenyewe na kuipenda kama mwanawe. Ukiweka neno na mpinzani akalitilia shaka, haitoshi liwemo kwenye kamusi. Unasimama na kutaja maana yake mbele ya watu. Ukikosea, alama za neno hilo zinafutwa. Nilipoisikia sheria hiyo niliyakumbuka yale tisa. Nikajiambia maneno tisa kati ya mamia, nani atayapata.

Mchezo wa mwisho Nekesa alikuwa mbele kwa alama nyingi. Akaweka zho, safi kabisa, kwenye kona ya kuzidisha alama. Mpinzani wake, kijana wa benki, akatilia shaka. Mwalimu Simiyu akamwambia asimame. Nekesa akasimama, akanitazama kwanza, muda mrefu kidogo, halafu akasema kwa sauti ya wazi kwamba ni kofia ya wazee wa Uchina.

Mwalimu Simiyu akafungua kamusi yake, nzima, yenye kurasa zote. Akasoma kimya, kisha akatusomea. Zho ni chotara, mnyama wa kuzalishwa kati ya ng'ombe wa kawaida na ng'ombe wa manyoya wa milima ya Asia. Ukumbi ukaangua kicheko. Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuwa na ng'ombe wa gredi nyumbani, hata mimi binti wa Endebess nimekua nikikamua chotara. Ndilo neno ambalo tungelijua kuliko Waingereza wenyewe, nami nilikuwa nimelivisha kofia.

Mwalimu naye alikuwa anacheka, bila ubaya. Akamuuliza Nekesa, "Hiyo kofia umeitoa wapi, dada?" Alinitazama tena. Basi Mwalimu akanigeukia, bado anatabasamu.

"Madam, ndivyo mnafundishana huko Kitale?"

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka na sijapata kisingizio. Hakuna aliyenitisha. Mtu mzima alikuwa ananiuliza akicheka, na ningecheka naye, niseme kosa ni langu, kamusi yetu imevutwa tumbaku, yangeisha hapo na tungekwenda kula. Lakini walikuwepo walimu watano wa Kiingereza, na mbele yao mimi ndiye mkutubi.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Hiyo amejitungia mwenyewe."

Tabasamu la Mwalimu likapungua. Nekesa akaketi. Kwenye mfuko wake, chini ya kiti, ilikuwamo ile karatasi ya stensili, na wenzake wawili walikuwa nayo pia, mwandiko wangu kila mstari. Angeweza kuitoa. Hao wawili walitazama sakafu. Yeye akavuta vibao vipya, akaendelea, na hata baada ya kufutiwa alama bado alishinda.

Wakati wa chakula Mwalimu Simiyu hakukaa naye. Aliniita kando karibu na tangi la maji, akaniambia kwa upole kwamba msichana anacheza vizuri ajabu. Lakini mtu anayeweza kutunga asichokijua huku amewakazia watu macho, hawezi kumkabidhi vitabu vya wanafunzi. Kukosea si neno, akasema, angesema tu hajui. Nikamjibu kwamba naelewa. Ndivyo nilivyosema, naelewa, kisha nikarudi mezani nikamaliza kuku wangu.

Jumamosi iliyofuata Nekesa alikuja, akarudisha vitabu viwili alivyoazima, akapanga rafu ya watoto iliyokuwa imevurugika, akaniaga. Nilikuwa najifanya natafuta kadi kwenye droo. Nilizipekua kadi za herufi M zote mpaka nikasikia mlango. Hakurudi tena. Askari jela naye alihamia mchezo wa drafti, na sikumuuliza kwa nini.

Mwaka uliofuata ikaja kamusi mpya, hii mnayoitumia. Niliifungulia nyuma kabla sijaigonga muhuri. Xu ni senti ya Vietnamu. Yex ni kwikwi. Zek ni mfungwa wa kambi ya kazi ngumu. Nilikuwa nimemweleza askari jela, miaka yote hiyo, kwamba ni baridi ya alfajiri. Sikupatia hata moja. Nikakata stensili nyingine yenye maana sahihi, za zamani nikazichoma nyuma ya choo, na mtu wa klabu alipouliza mbona maneno yamebadilika nikamwambia Kiingereza hubadilika. Mnaniona? Hata nilipokuwa nasahihisha nilikuwa nadanganya.

Mwezi huu, baada ya blanketi na hotuba zenu, yule karani wa klabu aliniambia Nekesa yuko Kamukuywa, anauza maharagwe sokoni. Nilinunua kamusi, ndogo lakini kamili, nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema na nimetia alama ukurasa wa zho kwa kipande cha uzi.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti kifupi nyuma ya magunia matatu, amenenepa kidogo, ana mtoto mgongoni. Alinitambua mara moja. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti chake, yeye akakalia gunia. Nikampa kamusi, nikaanza kumweleza kwamba nilikosea, kwamba zho si kofia. Hakuifungua.

"Ni chotara ya ng'ombe," akasema. "Nilijua, Madam. Nilijua hata kabla twende Bungoma. Pale Milimani nilikuwa nafulia mwalimu mmoja, alikuwa na kamusi mzima. Yale yote tisa niliangalia."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema kofia. Alikuwa anajua neno. Kazi ilikuwa pale pale mkononi.

Alimfunga mtoto vizuri mgongoni kabla ya kunijibu. Alisema wenzake wawili walikuwa wamekaa hapo na karatasi yangu mifukoni. Kama angetaja ile ya kamusi, wangeuliza pale pale mbona Madam aliandika ingine, na aibu ingekuwa yangu mbele ya walimu wote. Yeye alikuwa mbele kwa alama, angepoteza neno moja na asipoteze mchezo.

"Na nilijua ukiulizwa utasema mwenyewe ni yako," akasema. "Si ungesema tu, tucheke, iishe?"

Hakusema kwa hasira. Ningeona afadhali kama angenitukana. Nililia pale sokoni kama mtoto, na mwanamke wa nyanya wa jirani akaja kuuliza kama tumefiwa. Nilipoweza kusema, nikamwomba msamaha, kwa maneno machache na bila mpangilio wowote wa yale niliyokuwa nimepanga. Aliniachia nimalize. Kisha akasema mimi sina la kumwambia yeye, yeye anajua yote tangu zamani. Asiyejua ni Mwalimu Simiyu. Huyo ndiye anayemkumbuka kama mwongo, na mwaka huu yeye Nekesa ameanza kuiuzia shule hiyo maharagwe kupitia kwa mtu mwingine, kwa sababu haendi mwenyewe.

"Mwambie yeye, Madam. Mimi nimeshasikia."

Nikasema nitamwambia. Nikasema leo hii, bado mapema. Alinipimia maharagwe ya rosekoko kilo mbili, akakataa kulipwa, akanisindikiza hadi barabarani na mtoto wake mgongoni. Gari la Bungoma lilikuwa limesimama, utingo akiita, viti viwili vimebaki. Nekesa aliniaga, akarudi kwenye magunia yake bila kugeuka, kwa kuwa alishaniamini tena.

Nilisimama na mfuko wa maharagwe mpaka gari la Bungoma likajaa na kuondoka. Halafu nikavuka barabara, nikapanda la Kitale.